Mashine Iliyomruka Bibi

Jumamosi asubuhi Ritha alichota maji bombani, akaanika alizeti uani, kisha akavaa sare na kukimbilia kituo kipya cha afya cha kijiji chao, karibu na Nduguti. Wanafunzi wa darasa la sita waliombwa wajifanye wagonjwa ili mashine ya foleni ijaribiwe. Kituo kingefunguliwa Jumatatu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya ajabu kweli! Unabonyeza kitufe, inakupa karatasi yenye namba, unakaa kwenye benchi. Namba yako ikitangazwa, unakwenda dirishani. Hakuna kusukumana.

"Wewe utakuwa kizee," fundi Sixbert alimwambia Ritha. "Tembea kama bibi yako kabisa."

Namba yake ilipotangazwa, Ritha alinyanyuka polepole, mgongo kaupinda. Wenzake wakaanza utani. "Shikamoo, bibi!" Naye, kama bibi yake Raheli, hakumpita mtu bila kumwitikia. "Marahaba, mjukuu wangu. Wa nyumbani hawajambo?" Kabla hajafika dirishani, mashine ikatangaza namba nyingine. Amosi, mwanafunzi mwenzake, akampita mbio, akahudumiwa yeye.

"Bibi kachelewa!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Ritha alirudi kukaa, uso umemshuka kwa aibu.

Mwishoni fundi aliuliza, "Kuna aliyekosa huduma?"

"Hakunaaa!" waliitikia wote, Ritha akiwemo. Nani anataka kuchekwa mara ya pili?

Jioni alimkuta Bibi Raheli akichambua majani ya mlenda. "Jumatatu nami nakwenda kwenye hiyo mashine yenu," bibi alisema. "Dawa yangu ya presha inaisha kesho."

Ritha alikumbuka. Mwaka jana bibi alikosa dawa, akaanguka shambani. Sasa angeitwa, angesalimiana na kijiji kizima, kisha arukwe. Na bibi hajui kugombana. Angerudi nyumbani kimya kimya.

"Bibi, mashine itakuruka," alisema, machozi yakimlengalenga. "Iliniruka mimi, nikanyamaza."

Bibi aliacha mlenda. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Haya, vaa viatu. Twende."

Walimkuta Sixbert akifunga vifaa vyake kwenye pikipiki, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, Mama Yasinta, akifunga mlango. Ritha aliwaamkia, akaeleza yote.

"Lakini niliuliza!" Sixbert alisema kwa ukali.

"Uliuliza, mjomba. Nilidanganya. Niliogopa kuchekwa."

Mama Yasinta akafungua mlango. Bibi Raheli mwenyewe akachukua namba, akaitwa, akanyanyuka. Akasimama kumuuliza Mama Yasinta habari za watoto, habari za mvua, habari za mifugo. Mashine ikaita namba iliyofuata.

"Lo!" Sixbert alijishika kichwa. Aliiwasha kompyuta, akaipanga upya: namba isibadilike mpaka muuguzi wa dirishani abonyeze. Wakajaribu tena na tena. Mara hii bibi alifika dirishani, salamu zake zote zimekwisha.

Ritha alicheka kwa furaha, lakini Mama Yasinta hakucheka.

"Ritha, tuliwaita mtuonyeshe kasoro, si mtufurahishe," alisema. "Wewe uliiona, ukaificha. Bibi yako amepona kwa sababu unaishi naye. Je, wale wazee ambao huwajui, nani angewasemea?"

Mama Yasinta alimshika bega.

"Siku nyingine ukiona kitu kibovu, sema palepale, hata wakikucheka. Kicheko kinaisha. Mtu akikosa dawa, huenda akaisha yeye."