Yangeyange wa Bwawa la Tatu

Siku waliyokutana, mkunga alikuwa na wiki tatu tu tangu astaafu, na alikuwa anaogopa kurudi nyumbani. Nyumba yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa kimya tu. Sasa mtu amekaa miaka thelathini na nne wodi ya wazazi, vilio vya watoto huku, mama zao huku, halafu unampa nyumba ambayo hata bomba halidondoki! Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa anazunguka soko la mitumba bila kununua kitu, na gauni lake la maua ya zambarau na raba nyeupe alizopewa kazini siku ya kumuaga, anasukumwa huku, anasukumwa kule.

Kwenye meza moja ya vyombo vikuukuu, kati ya pasi mbovu na redio isiyo na mfuniko, akaona darubini. Akashika mkanda. Kumbe upande wa pili wa mkanda kuna mkono mwingine.

"Samahani mama, nimetangulia."

"Umetangulia wapi, na mimi ndiye nimevuta?"

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mvi zimechanwa upande, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo ina makali. Vidole vyake ndivyo alivyoviona kwanza. Virefu, safi, vimetulia kabisa.

"Kwani wewe unataka kuangalia nini?" mwanamume akauliza.

"Nguo zangu kwenye kamba. Kuna mtu ananiibia mataulo."

Akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. "Mimi nataka kuangalia ndege."

"Ndege? Hawa hawa wa bure?"

"Hao hao wa bure. Nilikuwa fundi saa. Miaka yote hiyo nimeinamia vitu vidogo mezani. Sasa nataka kuinua shingo."

"Haya, nunua wewe. Mimi nitakuja kuazima."

"Nitakuja mimi. Nionyeshe hiyo kamba, tumkamate mwizi wa mataulo."

Mwizi hakupatikana mpaka leo. Lakini baada ya miezi saba fundi saa na mkunga wakaoana. Binti yake mkunga alipiga simu akicheka: "Mama, miaka sitini na moja!" Mama akamjibu: "Ulitaka nisubiri sabini?"

Mahali pao pa ndege hapakuwa pazuri pa kupigia picha. Ni kule nje ya mji, kwenye mabwawa ya majitaka ya jiji, mabwawa sita mapana, yametenganishwa na matuta ya udongo, na mashine za kusukuma hewa zinanguruma siku nzima. Harufu yake, wacha tu. Ila ndege wanapapenda ajabu: bata wa kila rangi, vitwitwi wanaokimbia kwenye tope kama wamechelewa kazini, na mdiria, yule wa buluu anayejitupa majini kichwa chini.

Walikuwa na utaratibu wao. Simu zinazimwa sauti. Hakuna kuongea. Mkunga anashika darubini, fundi anashika daftari. Mkunga akiona kitu anamgonga mumewe begani, mara moja kwa kulia, mara mbili kwa kushoto, halafu anamnong'oneza ni ndege gani, naye anaandika.

"Na wewe angalia basi," mkunga alikuwa anamwambia.

"Mimi nakuangalia wewe unavyoangalia. Inanitosha."

Mkunga alikuwa anaona aibu kama msichana, anamfinya mkono. Miaka minne wakaenda hivyo, na hakuwahi kujiuliza zaidi.

Siku moja, alipokuwa anatafuta kalamu, akafungua daftari mwenyewe. Akakuta mistari imepandana, neno juu ya neno. Halafu akaona kitu kingine. Kila asubuhi, kwa wiki tatu mfululizo, chini kabisa ya ukurasa, mumewe alikuwa ameandika ndege mmoja ambaye hakunong'onezwa na mtu: *Yangeyange mmoja, bwawa la tatu, amesimama. Wangu.*

Yangeyange gani, ndege mweupe vile, na yeye mwenye darubini asimwone? Asubuhi iliyofuata akaelekeza darubini bwawa la tatu. Pale katikati ya tuta, juu ya kigingi, palikuwa na mfuko mweupe wa plastiki umenasa, unapepea.

Kwanza alicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kusalimia koti lililotundikwa mlangoni, akamaliza kwa kumuuliza binti yake mwenyewe, "We dada ni wa wodi gani?" Mkunga alimuogesha mama huyo miaka sita. Basi hofu yake ilikuwa na sura moja tu, na kuanzia siku ile akawa anaiona kila mahali. Fundi akimimina chai nje ya kikombe, yeye anafuta meza haraka kabla hajaulizwa. Fundi akimpita jirani kwenye ngazi bila salamu, yeye anamsalimia jirani mara mbili. Soksi moja nyeusi na moja ya kahawia, akajifungia bafuni akalia.

"Mpenzi, leo tarehe ngapi?" anauliza akiwa anapaka siagi, eti kwa kawaida tu.

"Kumi na nne. Kwa nini?"

"Basi tu. Na mjukuu wako wa kwanza kazaliwa mwezi gani?"

"Wa tisa. Mkunga wangu, unaandaa mtihani wa taifa?"

Alijibu vyote sawasawa. Mkunga hakutulia. Akawa anaandika kwenye karatasi, kama alivyozoea kazini, siku na dalili. Jumatatu, chai. Jumanne, jirani. Jumatano, soksi. Na mahali pa mwisho pa kuficha karatasi ile, jamani, ni kwenye daftari la ndege, na ndipo alipoificha.

Fundi aliipata Ijumaa jioni. Aliisogeza mpaka karibu iguse pua, akaisoma taratibu. Mkunga alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Hii ni nini?"

"Ni... nilikuwa tu..."

"Unanichunguza. Nalala na wewe kitanda kimoja, na wewe unaniandikia faili."

"Nimeogopa, Fundi! Kila siku unaandika yangeyange. Hakuna yangeyange pale. Ni mfuko, mume wangu. Mfuko wa plastiki."

 Uso wa Fundi ulishuka kama wa mtoto aliyepokonywa kitu.

"Ni ndege," akasema. "Na nitakwenda mpaka alipo, nimwone karibu."

Hawakusemeshana tena. Mkunga alilala kwa shida, na alipoamka kumekucha, upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Kofia haipo. Daftari halipo. Darubini ipo mezani.

Akapiga simu. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Halafu ikaita yenyewe, akaidaka kwa mikono miwili.

"Fundi?"

"Ni mimi, mama," alisema binti yake. "Mbona unahema hivyo?"

"Ameondoka. Amekwenda kule mabwawani peke yake."

"Si anakwenda kila siku?"

"Peke yake, nimekwambia! Na kichwa chake kile..."

"Mama, usiendeshe wewe. Chukua teksi. Mama? Unanisikia?"

Alikuwa ameshakata. Alivaa raba bila kufunga kamba, gauni la kulalia limefunikwa na sweta, na ndani ya teksi akawa anaomba, hajui hata anaomba nini. Asipotee. Asianguke. Asinisahau, hasa hilo.

Mlinzi wa geti alisimama alipomwona.

"Mzee ameshushwa hapa na bodaboda, ameingia muda sasa. Nilidhani mpo wote."

"Kaelekea wapi?"

"Huko la tatu. Ila mama," na mlinzi akaanza kukunja uso, "juzi mafundi wa mabomba walilikata lile tuta katikati. Shimo limefika kwenye maji. Lakini wameweka kibao, kikubwa, chekundu. Hata mtoto anakiona."

 Mkunga akatazama kule. Kwa mbali, juu ya tuta jembamba, aliona shati la buluu linatembea, polepole, mkono mmoja umenyooshwa mbele kidogo. Kibao chekundu kilikuwa nyuma yake tayari. Alikuwa amekipita.

"Fundi! Fundiii!"

Mashine zikameza sauti. Mlinzi akakimbilia kibandani kutafuta kamba. Mkunga akakimbia upande wa tuta huku anabonyeza simu, vidole vinateleza kwa jasho. Pokea. Pokea, baba, nakuomba. Mfukoni mwa shati la buluu lazima kitu kilitetemeka, maana aliona mkono wa mumewe unapanda kifuani.

"Sema."

"Simama! Usinyanyue mguu!"

Akasimama. "Umekuja kunipima tena?"

"Mbele yako hakuna njia. Imekatwa. Hatua mbili tu, Fundi, kuna shimo."

"Njia ninaiona."

"Unaona nini? Niambie unachokiona."

 Mkunga aliona mabega ya mumewe yanapanda na kushuka.

"Naona kijivu," akasema mwishowe. "Kijivu chini, kijivu juu. Na kule mbele kitu cheupe. Ndiyo hicho tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako. Unadhani duka nilifunga kwa kuchoka? Nilikuwa naangusha skrubu sizipati. Lakini wakati ule mbali nilikuwa naona vizuri. Sasa na mbali kumeondoka."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuahidi nitakuonyesha ndege. Ningekwambia sioni, ungebaki na mimi wa kazi gani? Nilikuwa naandika unayoninong'oneza. Halafu siku moja nikamwona yule. Mwenyewe. Mkubwa, mweupe, hanikimbii. Nilifurahi, Mkunga. Nikasema, kumbe bado."

Mkunga akajifunika mdomo. Kumbe kichwa kilikuwa kizima. Alijikuta anacheka na kulia pamoja, lakini kicheko hakikumaliza hofu, kiliigeuza tu upande mwingine, maana mtu wake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye shimo na haoni.

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

"Usije, tuta jembamba."

"Nyamaza, nakuja."

Tuta lilikuwa na upana wa mlango. Kulia maji, kushoto maji, ya kijani, mazito, hayaonyeshi chini. Mkunga hakujua kuogelea. Alitembea huku anatazama shati la buluu peke yake, anahesabu hatua kwa sauti, akapita kibao, akafika. Akamshika kiuno kwa nyuma kwa nguvu zote, uso kwenye mgongo wake, na shati lilikuwa limelowa.

Hapo ndipo akafanya kosa la kutazama chini. Udongo wa ukingo ulimomonyoka kidogo, ukadondoka kwenye shimo, *chubwi*.  Akakaa chini kama mzigo.

"Mkunga?"

"Siwezi. Siwezi kurudi. Maji yamezunguka kote."

"Si umekuja kuniokoa?"

"Usinichekeshe, nitaanguka."

Fundi akajigeuza, taratibu, unyayo baada ya unyayo. Akapapasa mpaka akapata kichwa chake, bega lake, mkono wake. 

"Nisikilize. Mimi hayo maji siyaoni, kwa hiyo hayanizuii. Wewe unayaona, kwa hiyo unajua yalipo. Funga mkono wako kwenye mkanda wangu. Mimi nitatembea, wewe utasema."

"Na nikikosea?"

"Watoto wangapi wamepitia mikono hii?"

"Hao hawakuwa na urefu wako."

"Inuka, mke wangu."

Akainuka. Wakapishana kifua kwa kifua, yeye akabaki nyuma, akashika mkanda wa suruali. Mumewe akatanguliza mguu.

"Kushoto kidogo. Hapo. Nyoosha. Nyoosha tu. Fundi..."

"Naam."

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, wanamtoa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Na kama sio?"

 Mkunga alijua mambo mawili matatu ambayo yanaweza kuwa, na hakuna hata moja alilotaka kulitamka juu ya maji yale.

"Kulia. Kuna jiwe, inua mguu. Hapo hapo."

"Kwa hiyo na wewe unaogopa," Fundi alisema.

"Mpaka meno yananiuma."

"Basi hata mimi. Nilidhani ni mimi peke yangu kule nyumbani."

Mlinzi alikuwa anawasubiri mwisho wa tuta, kamba mkononi, midomo imekauka. Nyasi zilipogusa raba zake, mkunga hakuachia mkanda. Simu ikatetemeka kwenye sweta. Akaipokea kwa mkono mmoja.

"Mama! Umempata? Yuko sawa? Kichwa chake..."

"Kichwa kizima, mwanangu. Nitakueleza."

"Mko wapi sasa?"

Mkunga akatazama mbele. Palikuwa na ngazi tatu za saruji kabla ya geti. Fundi alikuwa amesimama, uso ameuinua, anasubiri.

"Tunarudi nyumbani," akasema. Akaweka simu. "Ngazi tatu, mpenzi. Ya kwanza ni ndefu."