Panya wa Ukurasa wa Pili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea juu ya mtaa wa Musaga, Orlane alizungukia matangi matatu ya shule yao, daftari mkononi. Vita vilikuwa vimekata mabomba ya mtaa, na hata waliokimbia kutoka milimani walichota maji pale. Kamati ya maji ilimpa ukaguzi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Lakini Orlane alikuwa mtu wa ndoto: akifunua tangi, aliyatazama mawingu yakielea ndani ya maji hadi akasahau kilichompeleka.

Jumamosi hiyo, katikati ya mawingu ya tangi la pili, alielea panya aliyekufa. Kifuniko kilikuwa kimepasuka.

Orlane akaandika ripoti ya kurasa mbili. Kwao mtu haanzi na baya mbele ya wakubwa, basi alianza kama barua za ofisini: "Nina heshima kubwa ya kuja mbele yenu..." Akaisifu kamati, akausifu hata upepo wa ziwani. Panya alimweka mwisho kabisa, akamwita "hali isiyopendeza". Lo, alivyojipenda!

Mzee Massoudi, fundi wa matangi aliyepokea ripoti kwa niaba ya kamati, alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu, kisha akaikunja ripoti na kuitia mfukoni.

Jumatatu, Orlane alimkuta mdogo wake Régis kwenye tangi la pili, kikombe mdomoni. Akakipiga kikombe, maji yakamwagika.

"Mzee Massoudi! Haukusoma raporo yangu?"

"Nilisoma, mwanangu. Unajua kuandika, we mutoto!"

"Mule ndani kuna panya!"

Mzee akaitoa karatasi, akaisoma hadi mwisho. "Astaghfirullah! Mi nilifikiri ni salamu tu." Akakimbia kufunga bomba. Watoto wawili walikuwa tayari zahanati, wanaharisha.

Jioni Orlane alilia sana. Mama yake, Spès, mkaguzi wa maghala kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, akampa karatasi mpya. "Wale wawili wanapona. We andika tena. Anza na neno ambalo mutu akilikosa ataumia."

Orlane akaandika: "Msinywe maji ya tangi la pili. Kuna panya aliyekufa. Kifuniko kimepasuka. Lisafishwe leo."

Régis, wa darasa la kwanza, akaisoma yote kwa sauti, polepole, hadi nukta ya mwisho.

"Umeona?" mama akasema. "Heshima ni nzuri, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Raporo, mwanangu, usimwandikie mwenye kiti. Mwandikie mwenye kiu."