Jirani Nyuma ya Plaiwudi

Aliyepatwa na haya ni Lillian Akiror, binti wa shangazi yangu. Mimi ni fundi wa simu hapa Busia, upande wa Uganda, na yeye alikuwa akikaa kwetu tangu amalize chuo cha ualimu. Nayasema kama alivyonisimulia, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu mwenyewe.

Lillian alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli. Alikwenda Tororo mjini, akaenda Malaba, akavuka hata upande wa Kenya kuulizia shule za watu binafsi. Kila mahali aliambiwa aache namba ya simu. Kwa hiyo alipopigiwa na mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya kanisa kule Masinya, akaambiwa mwalimu wa darasa la tatu amekwenda likizo ya uzazi na wanataka mtu wa kumshikia nafasi, hakuuliza mengi. Alifunga godoro nyuma ya boda boda, akatia sufuria na sigiri ya makaa kwenye gunia, akaondoka akiimba.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua, vumbi, mihogo imeanikwa kando ya barabara. Mwalimu mkuu, mzee mpole anayeitwa Bartholomew, alimpokea vizuri, akamwonyesha chumba chake katika nyumba ya walimu. Vyumba vingine vyote vilikuwa vimefungwa. Walimu wenzake walikuwa wenyeji. Kengele ya mwisho ikilia, kila mmoja alipanda baiskeli akaenda kwake. Lillian alibaki na uwanja mtupu, na mbuzi wa kanisa, na mtandao uliopatikana juu ya kichuguu tu.

Hakuna aliyemuuliza jina. Walimwita Madam wa Muda. Watoto nao wakalishika hilo hilo: "Good morning, Madam wa Muda." Alicheka siku za kwanza. Baadaye akaacha kucheka. Aliniambia kuna wiki ilipita bila mtu hata mmoja kulitamka jina lake, mpaka akaanza kujitajia mwenyewe akichota maji, asije akalisahau.

Darasa lake lilikuwa nusu ya chumba kirefu. Nusu ya pili, aliambiwa, ni ya chekechea. Katikati palipigiliwa plaiwudi kutoka ukuta hadi ukuta, na mlango wa upande ule ulitazama mashamba ya mihogo, kwa hiyo hakuwahi kumwona anayeingia wala anayetoka. Aliwahi kujiuliza mbona watoto wadogo vile hawapigi kelele. Akadhani wana mwalimu mkali. Na benchi lililoegemea plaiwudi lilikaa tupu siku zote. Watoto walibanana mbele, wengine wakakaa sakafuni. Akiwaambia wahamie pale, walitazama chini, wasisogee.

Mchana mmoja, watoto wameshaondoka, alikuwa peke yake akisahihisha madaftari ya hesabu. Jua lilikuwa kali bado. Njiwa walitembea juu ya mabati.

"Lillian."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, yenye uchovu kidogo. Ilitoka nyuma ya plaiwudi.

"Naam?" alijibu, na moyo wake ukajaa furaha kabla hajafikiri chochote.

"Bado unasahihisha?"

"Bado. Nani mwenzangu?"

"Jirani yako. Hata mimi niko na kazi huku."

Waliongea kidogo tu siku hiyo. Kesho yake wakaongea zaidi. Lillian alitaka kuzunguka ampelekee chai, lakini yule akasema, "Usije. Macho yangu mekundu, utaambukizwa." Ugonjwa wa macho ulikuwa umepita kila kijiji mwaka ule, basi Lillian akaona ni mtu mwenye busara. Akaanza kukaa kwenye lile benchi tupu, mgongo kwenye plaiwudi, ili wasikilizane bila kupaza sauti.

Yule jirani alimuuliza mambo ambayo hakuna mtu kule aliyemuuliza. Amelalaje. Mama yake ni wa wapi. Kwenye usaili walimuuliza nini, na mbona hawakumrudia. Akinyamaza, jirani naye alinyamaza, kama watu waliokaa pamoja jikoni. Lillian akawa anaharakisha masomo ya asubuhi ili mchana ufike. Nikimpigia, aliniambia, "Kaka Edgar, nimepata rafiki." Nilifurahi. Nikamuuliza anaitwa nani huyo rafiki. Hakuwa amewahi kumuuliza.

Siku ambayo jirani alibadilika, mvua ilikuwa inanukia lakini haikunyesha.

"Unataka kubaki hapa?" alimuuliza.

"Nani hataki kazi ya kudumu?"

"Basi utabaki. Felistus hatarudi."

Felistus ndiye mwalimu aliyekwenda kujifungua. Lillian hakuwahi kuonana naye. "Amepata shule nyingine?" akauliza.

"Hatarudi. Wewe sema tu unataka."

Lillian aliniambia alitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa amechoka, amechoka sana kuacha namba za simu. Akasema, "Nataka."

Plaiwudi ikalia taratibu mgongoni mwake, kama mtu wa upande wa pili naye ameegemea, mgongo kwa mgongo.

Haikupita muda, Bwana Bartholomew akamwita ofisini. "Madam, keti. Nina habari mbaya na habari nzuri. Mwenzetu Felistus amejifungua salama, lakini anaumwa. Jamaa zake wamesema kazi hataweza tena. Sasa, kama wewe unataka, jina lako nalipeleka kwa kamati ya kanisa. Ya kudumu hiyo, si ya kushikia mtu."

Alitoka pale hajui kama analia au anacheka. Jumapili, baada ya ibada katika kanisa lililo mbali kidogo na shule, akamtafuta mwalimu wa chekechea, kwa kuwa aliona ni haki ampe habari ana kwa ana. Akaonyeshwa mama mmoja wa makamo, Maximilla, mwenye kitambaa cha kijani kichwani.

"Madam, macho yamepona?" Lillian alimuuliza akicheka.

"Macho gani?"

"Si uliniambia una macho mekundu? Mimi ndiye jirani yako wa darasa la tatu."

Maximilla alimshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya kanisa, mbali na watu. Alipoongea, alinong'ona.

"Sisi tulihama ile chumba toka mwaka jana. Tunafundishia hapa kanisani. Kule kuna madawati mabovu tu, na kufuli."

"Lakini tunaongea kila siku."

"Watoto walikuwa wanaitwa," Maximilla akasema. "Mtoto anaitwa jina lake kutoka kwa ukuta. Wale walikaa kimya, hawakupatwa na neno. Wewe ulijibu?"

Lillian aliinamisha kichwa. Maximilla akamwachia mkono, polepole, akaufuta wake kwenye gauni.

Mtu mwingine angefunga godoro siku ile ile. Lillian hakuweza. Neno moja lilimkera: hatarudi. Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa, akapanda boda boda mpaka Nagongera, nyumbani kwa Felistus. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa barabarani na kuku na nyanya zao, na alipoingia kwenye ule ua, kelele zote zikabaki nje.

Mume wa Felistus, kijana mrefu anayeitwa Lenox, alimkaribisha. Felistus alikuwa amekaa kwenye mkeka ananyonyesha. Mwenye afya, mweupe wa meno, hana homa. Alimwitikia Lillian kwa kichwa tu.

"Haongei," Lenox alisema. "Anafungua mdomo, hakuna kitu. Tumezunguka hospitali, wanasema koo ni nzima. Kalamu ukimpa anaitazama tu, kama hajui ni ya nini. Naye ni mwalimu, Madam! Mtoto hajawahi kuimbiwa na mama yake."

"Ilianza lini?"

"Kuongea kwake kulikuwa kunapungua tangu akiwa bado anafundisha. Anarudi jioni amechoka, sauti ndogo. Siku ya kujifungua alinitumia ujumbe wa sauti kutoka wodini. Ndio maneno yake ya mwisho. Huwa namwekea mtoto asikie."

Akatoa simu. Akabonyeza.

"Lenox, tumepata msichana. Njoo na shuka."

Sauti ya chini. Yenye uchovu kidogo.

Lillian aliijua ile sauti. Alikuwa ameegemea plaiwudi akiisikiliza wiki baada ya wiki. Aliijua inavyovuta pumzi kabla ya kuuliza swali.

Felistus alikuwa anamtazama. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akainuka, akasogea mpaka wakawa uso kwa uso. Akagonga ukuta wa nyumba kwa kidole, polepole. Kisha akamziba Lillian mdomo kwa kiganja chake, akakiacha pale. Machozi yalimtoka, lakini kwikwi haikuwa na sauti.

Lillian alirudi Masinya mchana huo huo. Nilimuuliza kwa nini, mbona hakuja nyumbani moja kwa moja. Akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyesema nataka. Ningemwambia nini yule mtoto?"

Alikuta watoto wameshaondoka, uwanja mtupu. Akaingia darasani. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama katikati ya chumba.

"Lillian," sauti ikasema. "Umechelewa leo."

Hakujibu.

"Ulikwenda wapi? Nimekaa peke yangu."

Akakusanya nguvu. Sauti yake mwenyewe, alipoitoa, ilikuwa imekonda. Ilikwaruza. Alikuwa hajagundua mpaka dakika ile jinsi ilivyopungua.

"Kazi hii siitaki," alisema. "Mimi nakwenda. Mrudishie Felistus chake."

Njiwa juu ya mabati wakatulia.

"Huku hakuna mtu," sauti ikasema. "Ukienda nitaongea na nani?"

Lillian akarudi nyuma, hatua moja, nyingine.

"Hata wewe huna mtu, Lillian. Huko nje nani anakujua jina? Kaa kidogo."

Aliniambia hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alitaka kukaa. Mkono wake ulikuwa umeshagusa benchi.

Plaiwudi ikaanza kulia. Juu. Chini. Kila msumari. Kama kitu kirefu kinajipapasa kutoka pembe hadi pembe, kikitafuta pa kupitia.

Akakimbia. Hakuchukua godoro, hakuchukua sufuria. Alipanda kichuguu akanipigia, na mimi nikasikia mnong'ono tu: "Kaka, njoo." Nilimkuta barabarani amekaa kwenye jiwe. Njia nzima hakusema neno, na mimi sikuthubutu kumwita.

Siku mbili tatu baadaye Lenox alipiga simu. Alikuwa analia. Felistus ameamka alfajiri akamwimbia mtoto. Wimbo mzima. Hakumbuki chochote, kazini harudi, wanahamia kwa ndugu upande wa Kenya. Lillian alisikiliza, akaniambia kwa sauti yake iliyoanza kurudi, "Basi." Halafu akaenda kulala mchana kutwa. Hadi leo hajapata kazi ya kudumu. Sasa anamshikia mtu nafasi Malaba, darasa la ukuta wa matofali, na jambo la kwanza alilofanya kule ni kuandika jina lake lote ubaoni, watoto wakalisoma kwa pamoja.

Mimi ndiye niliyekwenda Masinya kuchukua vitu vyake. Ilikuwa saa za mchana, jua limewaka, hapajanyesha wiki nzima. Nilimwomba Bwana Bartholomew anifungulie chumba kile cha chekechea. Alisita, kisha akatafuta ufunguo. Kufuli ilikuwa imeshika kutu mpaka akaigonga kwa jiwe.

Ndani mlikuwa kama Maximilla alivyosema. Madawati yaliyovunjika yamerundikwa hadi dirishani. Vumbi sakafuni lilikuwa nene, laini, halina alama ya mguu wala ya panya. Nilitaka kutoka. Ndipo nikaiona plaiwudi.

Palikuwa na doa la unyevu juu yake. Dogo, la duara, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Mahali pengine pote palikuwa pakavu, pamepasuka kwa jua.

"Mabati yanavuja," mzee alisema. Akatoa kitambaa mfukoni, akalipangusa likaisha.

Tukasimama tukitazama, yeye na mimi. Na pale pale, mbao kavu ikaanza kuwa nyeusi tena. Doa likapanuka kama pumzi juu ya kioo. Likapungua. Likapanuka.