Kikohozi Ndani ya Kasha

Haya yalimpata rafiki yangu Kwamboka, anayetunza wazee majumbani kule ng'ambo, mjini Maple Grove. Mchana mmoja wa theluji, mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akimtunza alimtuma kwenye ghala la chini ya nyumba akafungue kasha la babu wa babu wa mzee huyo.

"Aliuza afyuni Uchina," mzee alijigamba. "Sisi ndio tuliowafungulia Wachina bandari zao."

"Mliwalazimisha kwa mizinga ya vita!" Kwamboka alimjibu, damu ikimchemka. Mwaka uliopita alikuwa amemzika kaka yake, aliyeuawa na heroini, dawa itokanayo na afyuni hiyo hiyo. "Na waliokufa je?"

"Ilikuwa biashara tu. Shika ufunguo."

Alishuka ngazi kwa hasira. Taa ya chini ikakataa kuwaka. Gizani akasikia mtu akikohoa, kisha wawili, kisha umati mzima, vikohozi vikavu vya watu waliodhoofika. Vilitoka ndani ya kasha.

"Semeni basi, nawasikia!" alifoka, akalifungua kufuli lililoshika kutu.

Vikohozi vikakatika. Alimulika kwa simu. Mlikuwa na kiko kimoja kirefu cha mwanzi, cha kuvutia afyuni, kimefunikwa na vumbi la miaka mingi. Alikishika. Mdomo wa kiko ulikuwa umelowa mate, nayo yalikuwa bado ya vuguvugu.