Mayai Manne Ufukweni

"Umepita hapa na trekta?" Maren aliuliza.

Dale alivua kofia. Alama za magurudumu zilipita juu kabisa ya kiota. Mayai manne ya ndege wa ufukweni, ndege waliobaki wachache mno kwenye Ziwa Michigan, yalikuwa yamepondeka mchangani.

Maren Hoekstra alikuwa mwanafunzi wa chuo, amekuja kijijini kwa mafunzo ya kazi ya kiangazi: kulinda viota, na kuwafundisha wenyeji na watoto kuishi na ndege hao. Dale Vruggink alikuwa akisafisha ufukwe kwa trekta ya kijiji. Walipendana wiki ya pili tu. Kiota hiki kipya walikijua Maren na bosi wake tu, Bi Lorraine, ambaye alimkataza kumwambia mtu hadi uzio uwekwe. Lakini juzi Maren alimshika Dale mkono, akampeleka kukiona. Akamwambia pia kwamba kuanzia Jumatatu upande huo ungefungwa.

"Nimekuuliza, Dale."

"Kibanda cha mama cha aiskrimu kiko hapa. Wakifunga Julai nzima, hana pa kuuzia. Alilia, Maren. Nilishindwa kumtazama."

"Na mimi, ulidhani ungeweza kunitazama?"

Dale alisema alidhani ndege wangetaga tena, kwingine, mbali na kibanda. Jana alikuwa amemtumia Maren ujumbe: "Nakupenda. Usisahau hilo, hata iweje." Aliusoma mara tatu, akalala na furaha yake.

"Tuseme ni mbwa wa wageni," Dale akasema. "Wanazurura hapa kila siku. Nazifuta hizi alama sasa hivi. Mimi nabaki na kazi, wewe unabaki hapa na mimi."

Maren alitamani kukubali. Alisimama pale muda mrefu, simu mkononi, huku Dale akimngoja. Kisha akapiga.

"Bi Lorraine, kiota kimevunjwa. Nilimwonyesha mtu."

"Nani?"

Dale alitikisa kichwa polepole.

"Dale Vruggink," Maren akasema.



"Watoto wanafika saa nne," Bi Lorraine alisema. "Waambie ukweli wewe mwenyewe. Ukimaliza, funga mizigo yako."

Saa nne watoto kumi na wawili walifika na darubini zao, wakaketi nyuma ya kamba aliyokuwa ameifunga Maren kuzunguka kiota. Maren aliwaambia mayai yamevunjwa na mtu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mtu huyo mahali yalipo. Dale alikuwa bado amesimama kando ya trekta, kofia mkononi, akisikia kila neno.

Msichana mmoja aliinua mkono.

"Huyo mtu ulikuwa unampenda?"

"Nampenda," Maren alisema.

Ndege jike mwenye kiota akatoka ukingoni mwa maji mbio, akapita kati ya alama za magurudumu hadi kwenye maganda. Akayazunguka. Kisha akatandaza mbawa, akalalia mchanga mtupu, na watoto wakamtazama.