Wiki Tatu bila Mama

Kila asubuhi Teodora alimwosha uso binti yake Ng'washi, akamvisha gauni, akamlisha uji kwa kijiko. Ng'washi alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Mama yake alimpenda sana. Akienda kisimani alimfungia ndani, asije akapotea.

Mwaka 1996 Teodora alipata uvimbe tumboni. Daktari wa Sengerema alisema lazima apasuliwe. Angekuwa mbali na nyumbani wiki tatu. Teodora aliacha tarehe ya kwanza ikapita. Akaacha na ya pili. Maumivu yakazidi.

Mwanawe Machibya aliishi jirani hapo Usagara, pamoja na mkewe Evelina. Kiwanda cha pamba kilikuwa kimempunguza kazi, sasa aliuza mitumba. Alimsihi mama yake aende. Mama alijibu kwamba hakuna mwingine anayemjua Ng'washi. Machibya akakasirika, akasema basi Ng'washi apelekwe kwenye kituo cha walemavu mjini.

Evelina akamwita Wilhelmina, bibi maendeleo wa kata. Wakakaa wote uani, Ng'washi naye akiwa mkekani. Kila mtu alisema lake juu ya Ng'washi. Wilhelmina alisikiliza, kisha akauliza, "Mwenyewe mmemwuliza?"

Machibya akacheka. "Bibi Maendeleo, huyo ukimwuliza atasema anataka pipi."

"Na wewe ukiulizwa utasema unataka pombe. Lakini tutakuuliza hivyo hivyo."

Evelina akaziba mdomo kwa kanga.

Wilhelmina akahamia mkekani. "Ng'washi, mama anakwenda kutibiwa. Atarudi. Unataka kukaa na nani?"

Ng'washi alifikiri muda mrefu. Teodora akataka kumjibia. Wilhelmina akamzuia kwa mkono.

"Machibya," Ng'washi akasema.

"Kwa nini Machibya?"

"Machibya hanilishi. Ananipa sahani."

Teodora aliitazama mikono yake.

"Mama Machibya, hukukosea kumpenda," Wilhelmina akasema kwa upole. "Lakini mambo yake unayajua peke yako. Ukiugua wewe, naye anakosa msaada. Wafundishe wenzako. Na yeye mwachie anayoyaweza."

Siku ile Teodora alieleza na Evelina akaandika kwenye daftari. Ng'washi anaogopa radi. Hapendi kuharakishwa. Ukimwonyesha kazi mara nyingi, pole pole, anaishika.

Wilhelmina aliwashauri wajaribu kwanza. Teodora akamwacha Ng'washi kwa Machibya, akaenda Magu kwa dada yake siku moja. Ng'washi alilia mpaka mchana. Huko Magu, mama naye alilia. Safari ya pili alikaa siku mbili, na Ng'washi hakulia. Evelina alikuwa akimfundisha kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba.

Ndipo Teodora akavuka kwa kivuko kwenda Sengerema. Akapasuliwa salama.

Wiki tatu zilipokwisha, Machibya alimpokea kivukoni. Walipofika nyumbani, Ng'washi alikuwa kwenye jiwe, akigeuza michembe na kufukuza mbuzi. Teodora akamwita. Ng'washi akacheka meno yote nje, lakini hakushuka.

"Mama, ngoja. Nimalize kwanza."

Teodora akaketi kivulini.

"Umesikia?" akamwambia Machibya. "Mimi nimetoka hospitali, ananiambia ningoje."

"Ngoja tu, mama. Hata sisi anatungojesha."