Dole Gumba la Bi Somoe

Kabla sijafungua mdomo, apa. Sema wallahi hutomwambia mtu, hata mumeo. Mie niliapishwa na Naima mwenyewe, nikaapa, ila vidole vya mguu nilivikunja ndani ya ndara. Haya, sogea.

Ilianza na harufu. Kwetu Temeke nyumba ikinuka udi jioni, majirani wanajua leo mume yumo. Kwa Mzee Sadallah udi ulinuka mchana kweupe, na ndani yake kulikuwa na kitu kama yai viza. Tena ulinuka siku anazokuja wakili tu.

Mzee anaumwa moyo. Ana nyumba moja, wake wawili. Bi Somoe, mke mkubwa, ana wana watu wazima. Naima, mke mdogo, hakujaaliwa. Mzee alijua akifumba macho, arobaini haitafika kabla masanduku ya Naima hayajatupwa barabarani. Ndipo akamwita wakili Eufrazia: nyumba iwekwe wakfu, isiuzwe, wake wote wawili waishi humo mpaka kufa.

"Wote wawili?" Bi Somoe akacheka kwa meno tu. "Mume tumegawana, sawa. Na kaburi je, tutalala zamu?"

Wakili alipokuja mara ya kwanza, Mzee alishika kalamu, mkono ukaganda. Mara ya pili kucha zilikwaruza chini ya mkeka, krr, krr, zikamfuata miguuni, kalamu ikamponyoka, na mkono ukavimba kama umeumwa na nge.

"Kuna mtu amekaa mgongoni kwangu," alinong'ona. "Na hapumui."

Mara ya tatu majirani waliitwa kushuhudia. Mie sikuitwa, nilikwenda.

"Mzee apumzike kwanza," wakili akasema. "Nyumba wanayokaa wake haiwekwi wakfu bila ridhaa yao. Tuanze na dole gumba la kila mmoja. Bi Naima, uko karibu, njoo."

Naima akainuka. Bi Somoe alikuwa ametulia mlangoni na tasbihi yake, kama mtu aliyekwisha kula akashiba. Ghafla akaruka.

"Ala! Mke wa juzi anitangulie mie? Mbele za watu?"

Wivu ule ulimsahaulisha hata alichokipika mwenyewe. Akampiga Naima kikumbo cha nyonga, akachovya dole kwenye wino, akalikandamiza.

Likaganda.

Akavuta, halikutoka, na udi ukafuka kutoka chini ya meza mpaka tukatokwa na machozi, na kucha zikaanza tena, safari hii juu ya meza, hatuzioni ila tunaona karatasi ikikunjamana zinapopita, zikampanda mkononi taratibu mpaka kwenye kifundo, na bangili zake za dhahabu zikapinda moja baada ya nyingine, kama kuna kiganja kinajifumba.

"Niachie," akanong'ona. "Sikukutuma kwangu..."

Kisha mdomo wake ukafunguka wenyewe, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Ulisema nimshike yeyote atakayetia alama. Nimeshika."

Kutoka kwenye pindo la kanga yake yai likadondoka, likapasuka miguuni pa Mzee, na ile harufu ya siku za wakili ikatujaa puani.

Mzee alilitazama yai, akamtazama mkewe. "Somoe, mama wanangu. Ni wewe?"

Bi Somoe akatikisa kichwa kukataa, machozi yanamtiririka. Lakini mdomo wake ukajibu, kwa sauti ile ile nzito:

"Ni yeye."